Maziwa ya Jana

Kazi aliiacha akiwa na miaka sitini, lakini jina la kazi lilikataa kustaafu. Kuanzia muuza mboga wa kona hadi jirani wa ghorofa ya juu, wote walimwita Matroni, naye aliitika. Alikuwa amesimamia wodi ya watoto kwa miaka ishirini na sita. Wauguzi waliopita mikononi mwake walisema ukisikia viatu vyake kwenye korido, hata shuka zilijinyoosha zenyewe.

Aliishi na mwanawe wa pekee, fundi wa lifti ambaye kazi ilimpeleka miji mingine wiki mbili, wiki tatu. Na mkamwana wake, aliyefanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa nakala. Na mjukuu wa mwaka mmoja na miezi minne. Mtoto huyo alikuwa na alama nyeusi juu ya mdomo, ndiyo maana wakamwita Kidoti. Mama yake akienda dukani, Kidoti alibaki na bibi.

Matroni alikuwa na siri, na siri hiyo ilikaa tumboni. Kwa miaka mingi alikuwa hapati choo. Si siku mbili tatu kama watu wengine. Wiki ilipita, mara nyingine siku tisa, tumbo limevimba na kukaza, maumivu yakimkunja mpaka anashika ukuta. Mwanamke ambaye kila asubuhi alipita kitanda kwa kitanda akiuliza kwa sauti ya kusikika getini, "Mtoto amepata choo? Cha namna gani? Kigumu au laini?", yeye mwenyewe hakuweza kulitamka neno hilo mbele ya mtu hata mmoja. Wagonjwa wake alikuwa akiwaambia mficha maradhi kifo humuumbua. Ya kwake aliyaficha.

Mwishowe alikwenda kliniki ya upande wa pili wa mji, ambako hakuna aliyemjua. Daktari wa tumbo alimpima, akamwambia ni ugonjwa wa utumbo, wa kufunga choo na maumivu, na akamwandikia kapsuli mpya za kumeza moja kila asubuhi. Mfamasia wa dirishani, binti mwenye miwani mikubwa, alimshikia chupa akaanza kumweleza.

"Utameza kabla ya kula chochote, mama, nusu saa kabla ya kifungua kinywa. Isitoke kwenye chupa hii, maana ndani kuna kipakiti cha kunyonya unyevu. Ukiihamisha inaharibika. Na kama nyumbani kuna mtoto mdogo, hasa chini ya miaka miwili..."

"Binti," Matroni alimkata, "hayo nilikuwa nayafundisha wewe hujazaliwa."

Binti alitabasamu, akamalizia haraka haraka, kama mtu anayesoma risiti: mbali na watoto, hata moja ni hatari, maji yatawaishia mwilini, na yeye mwenyewe akiharisha sana aache dawa na arudi. Matroni alikuwa tayari ameshafunga mkoba.

Dawa ilimfaa. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka aliamka na tumbo jepesi. Lakini chupa ilikuwa imebandikwa karatasi, na kwenye karatasi, kwa herufi nene, pameandikwa jina lake kamili na chini yake: kwa ajili ya kufunga choo. Kila Jumamosi mkamwana alifagia chumba chake na kupangusa meza ya kitandani.

Huenda angeiacha chupa hapohapo mezani, lakini siku moja akiwa bafuni alimsikia mkamwana akiongea na dada yake kwenye simu, nje ya mlango. "Kuoga? Ngoja kwanza, mama yuko kikaoni. Kaingia tangu saa kumi na mbili na ajenda hazijaisha." Wakacheka. Kilikuwa kicheko tu cha watu wanaopendana, hakikuwa na sumu. Ila Matroni alikaa mle ndani robo saa nyingine bila haja, masikio yakimwaka, akingoja mkamwana aondoke kwenye korido.

Jioni ile alimimina kapsuli zote kwenye chupa tupu ya vitamini, ya plastiki ya rangi ya chungwa. Ile chupa ya dawa, pamoja na kipakiti chake, aliifunga ndani ya gazeti akaitupa mwenyewe kwenye pipa la mtaa.

Huyu ndiye mwanamke aliyemnunia mkamwana siku mbili nzima kwa sababu ya dawa ya kikohozi iliyokutwa juu ya friji. "Juu ya friji ni chini," alimwambia. "Mtoto ana kiti, kiti kina miguu minne, na mtoto ana miwili. Jumla ni sita. Atafika." Mkamwana aliomba radhi, akanunua kabati lenye kufuli.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Saa nne asubuhi simu ya Matroni iliita. Alikuwa mwenzake wa zamani, muuguzi wa wodi ya wazazi, na mazungumzo yao hayakuwahi kuwa mafupi. Kidoti alikuwa amemshika sketi akilia kubebwa. Matroni alitazama huku na huku kutafuta kitu cha kumtuliza, mkono ukagusa chupa ya rangi ya chungwa. Aliitikisa. Ikalia chaka-chaka-chaka. Kidoti akanyamaza papo hapo, akanyoosha mikono.

Haikuwa mara ya kwanza. Ilikuwa mara ya tatu au ya nne, na kila mara kifuniko kilikuwa kimekazwa. Lakini asubuhi ile viungo vya vidole vilikuwa vinamuuma. Alipomeza kapsuli yake alikigeuza kifuniko kidogo tu, akakiacha.

Kuna wakati katikati ya mazungumzo chaka-chaka ilikatika. Matroni alisikia ukimya akaufurahia. Alipokata simu na kugeuka, Kidoti alikuwa amekaa chini ya meza, kifuniko pembeni, kapsuli zimetapakaa kwenye mkeka. Midomo yake ilikuwa na ungaunga mweupe.

Alimwingizia kidole mdomoni haraka, kama alivyofanya kwa watoto wa watu mara elfu. Akatoa nusu ya ganda, limelainika. Kisha akapiga magoti akahesabu. Asubuhi zilibaki kumi na tisa. Mkekani aliokota kumi na sita.

"Nyingine zimeingia chini ya kabati," alisema kwa sauti, kana kwamba kuna mtu amemuuliza. Alichukua fimbo ya pazia akachokoachokoa chini ya kabati. Akatoa kifungo cha shati na kibanio cha nguo. Kapsuli hazikuwepo.

Alishika simu. Namba ya hospitali aliijua kwa kichwa. Lakini kabla hajabonyeza, aliyasikia maswali yote kwa mpangilio wake, maana yeye ndiye aliyekuwa akiyauliza: Amemeza nini? Dawa ya nani? Ya ugonjwa gani? Ilikuwa kwenye chombo gani? Nani alimpa? Akairudisha simu mezani. Nitamwangalia saa moja, alijiambia. Labda amezitema. Labda ni unga tu.

Saa moja haikuisha. Kidoti aliharisha mara ya kwanza, maji matupu, yakapita kwenye nepi mpaka miguuni. Mara ya pili. Mara ya nne Matroni akaacha kubadilisha nepi, akamlaza juu ya taulo. Alichanganya maji ya chumvi na sukari kwa kipimo asichoweza kukikosea hata usingizini, akamnywesha kijiko kwa kijiko. Mtoto akayatapika yote. Hakulia sana. Hilo ndilo lililomtisha Matroni, maana alijua mtoto anayelia ana maji ya kutosha.

Mkamwana aliporudi saa saba na nusu kula chakula cha mchana, alimkuta mwanawe amelegea kama kitambaa.

"Mama! Ana nini? Tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi. Tumbo."

"Mbona hukunipigia? Amekula nini?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango, nao ulikuwa wazi. Matroni aliuona. Angeweza kusema maneno manne tu. Badala yake aliuliza, "Wewe ulimpa nini asubuhi?"

"Uji. Na maziwa kidogo."

"Maziwa gani?"

"Yale... yale ya jana. Lakini niliyachemsha, mama, yalichemka."

"Maziwa ya jana," Matroni alirudia polepole, na kutikisa kichwa.

Mkamwana aliweka mkono mdomoni, machozi yakamtoka. "Yesu wangu, nilisikia yana harufu kidogo. Nilikuwa nachelewa. Nimemuua mwanangu kwa maziwa." Alimbeba mtoto akatoka mbio kutafuta gari, bila viatu vizuri, na Matroni akamfuata nyuma na mfuko wa nepi.

Hospitali ya karibu ilikuwa ileile, na wodi ileile. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi mpya lakini dawati la wauguzi lilikuwa palepale alipoliacha. Sista wa zamu alipomwona aliinuka. "Shikamoo Matroni!" Alikuwa mwanafunzi wake, aliyewahi kulia kwenye stoo ya shuka kwa kufokewa. Sasa alikuwa mnene, mwenye sauti, na wauguzi wadogo walimwogopa.

Daktari alikuwa kijana, mwenye haraka lakini makini. Alifinya ngozi ya tumbo la Kidoti akaiachia. Ngozi ilibaki imesimama. Alipapasa utosi, ulikuwa umebonyea. Walitafuta mshipa mkono wa kulia wakaukosa, wa kushoto wakaukosa, wakaupata mguuni kwa mara ya tatu, na dripu ikaanza kushuka. Kisha daktari akaanza kuuliza, kalamu mkononi.

Mkamwana alijibu mwenyewe. Alieleza juu ya maziwa, harufu, na kuchelewa. Hakujitetea.

"Kuna dawa yoyote nyumbani ambayo mtoto angeweza kuifikia?"

"Hapana, daktari," mkamwana alisema. "Kwetu dawa hazikai ovyo. Mama hakubali. Hata ya kikohozi naifungia kabatini, na ufunguo naukabidhi kwake."

Sista alicheka kidogo. "Daktari, nyumbani kwa Matroni? Huyu ndiye aliyetufundisha sisi."

Daktari alimtazama Matroni kwa heshima, akaitikia kwa kichwa, akapiga mstari kwenye kipengele cha dawa katika fomu yake. Matroni alisimama pale, mfuko wa nepi kifuani.

Daktari alipotoka, sista alimgeukia mkamwana. "Sasa wewe dada, maziwa yana harufu unampa mtoto? Ungeyanywa wewe? Hukuyanywa. Mtoto hana mdomo wa kukataa, mdomo wake ni wewe." Maneno hayo Matroni aliyatambua, kila neno na pale pa kuvuta pumzi. Yalikuwa yake. Aliyasema kwa mamia ya akina mama kwenye wodi hii, na mamia ya akina mama waliinamisha vichwa kama mkamwana alivyoinamisha sasa, akipokea, akisema, "Ni kweli, sista. Ni kosa langu."

Kidoti aliharisha tena, na tena. Dripu ilikuwa inashuka kwa mwendo wa kuharisha kwa kawaida. Matroni alikuwa anahesabu matone bila kupenda, na hesabu ilimwambia kwamba yanayotoka yamezidi yanayoingia. Walikuwa wanatibu maziwa. Hakuna aliyekuwa anaitibu ile chupa.

Alitoka akamkuta daktari kwenye korido. "Daktari, naomba neno pembeni."

Wakasogea karibu na dirisha. Sista naye akaja na faili, akidhani ni mambo ya kazi. Matroni alimtazama, akatamani aondoke, lakini hakuwa na la kumwambia ili aondoke.

"Huenda," alianza, "mtoto alimeza kidonge. Kimoja."

"Kidonge gani?"

Akataja jina la dawa kwa sauti ya chini. Daktari hakulisikia. Akalirudia.

"Dawa ya nani?"

"Yangu."

"Ni ya nini?"

"Ya tumbo."

"Tumbo lina nini, mama? Nahitaji kujua ni ile ninayoifikiria au nyingine."

Matroni aliangalia sakafu. Vigae vilikuwa vilevile vya zamani, na kimoja chenye ufa alikiandikia barua tatu kibadilishwe. "Ya choo," alisema. "Sipati choo. Ni miaka kumi na moja sasa." Na kwa kuwa sehemu hiyo ilikuwa imeshatoka, iliyobaki ikafuata. "Na si kimoja. Ni viwili, labda vitatu. Nilikuta nusu ya ganda. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Nilihamishia kwenye chupa ya vitamini ili watu wasisome. Chupa nilimpa mimi, achezee."

Sista alikuwa amefungua mdomo. Akaufunga, akaangalia pembeni, na huruma ile ya kuangalia pembeni ilimchoma Matroni kuliko matusi.

Daktari hakupoteza muda kumhukumu. Alipiga simu mbili, akaongeza mwendo wa dripu, akaagiza damu ipimwe chumvi upya, akafuta dawa ya vijidudu aliyokwisha kuiandika. Alipomaliza ndipo alipomweleza, kwa upole. "Dawa yenyewe ni peptidi, kipande kidogo cha protini. Haiendi mbali, inakaa utumboni na kuuamrisha utumbo umwage maji. Mtu mzima kama wewe inamsaidia. Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili utumbo unaitii kupita kiasi. Hakuna dawa ya kuizima. Ni kumrudishia maji na chumvi kwa kadiri anavyopoteza, mpaka iishe. Kama ningeendelea na kipimo changu cha kwanza..." Hakumalizia.

"Daktari," Matroni alisema, "mama yake asijue. Nakuomba. Mwambie tu mmebadilisha matibabu."

Kijana yule alichomeka kalamu mfukoni. "Mama, pale ndani kuna mtu anaamini amemuua mtoto wake. Nina mgonjwa mwingine wa kuona, dakika kumi. Nikirudi, kama hujamwambia, nitamwambia mimi."

Dakika nne alizitumia kusimama. Kisha akaingia.

Mkamwana alikuwa ameinamia kitanda, ameshika kidole kimoja cha Kidoti. Matroni alikaa upande wa pili. Hakutafuta maneno mazuri, maana aliogopa akiyatafuta atayapata na kujificha nyuma yake. Alimwambia yote kama yalivyokuwa: kliniki, karatasi yenye herufi nene, chupa ya chungwa, simu, fimbo ya pazia chini ya kabati. Hata kile kicheko cha nje ya bafu alikitaja, kisha akajuta. Kilikuwa kinasikika kama kisingizio.

Mkamwana alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kwa hiyo maziwa..."

"Maziwa hayakuwa na kosa, mwanangu."

"Ulijua wakati nalia."

"Nilijua."

"Ndani ya gari ulijua. Na sista aliponisema, ulikuwa umesimama hapo."

"Ndiyo."

Mkamwana alifuta uso kwa kiganja, mara moja, kwa nguvu. "Choo," alisema, kama mtu anayejaribu neno la lugha ngeni. "Mama, mimi ningekununulia mapapai. Ningekupikia mboga. Basi. Hakuna ambacho ningefanya zaidi ya hicho." Kisha akasema, "Naomba ukae nje."

Matroni akatoka. Benchi la korido lilikuwa limejaa akina mama, wakasogea kumpa nafasi kwa sababu ya mvi zake. Wauguzi wa zamani walipita, wakamwamkia, wakamuuliza mgonjwa ni nani. Wa kwanza alimjibu, "Mjukuu wangu." Wa pili alipouliza ana nini, akamjibu, "Alimeza dawa yangu. Niliiacha wazi." Wa tatu naye alimwambia vilevile.

Ilipofika saa kumi na moja na nusu sista alikuja kumwambia mtoto amekojoa. Walijua wote wawili maana yake: maji yameanza kubaki mwilini. Matroni alifunika uso kwa mtandio akalia, bila sauti, na sista akakaa pembeni yake akisubiri kwa adabu, mikono mapajani, kama mwanafunzi.

Kidoti alitoka hospitali siku ya tatu, amekonda, akidai biskuti. Mwanawe Matroni alirudi kutoka safari, naye aliambiwa na mama yake mwenyewe, mezani, mbele ya mkewe. Alichosema ni kwamba anamshukuru Mungu tu. Aliondoka mezani chakula kikiwa nusu.

Kapsuli zilizobaki Matroni alizirudisha kliniki zikaharibiwe, akapewa chupa mpya. Sasa ilikaa kwenye kabati lenye kufuli, na karatasi yake ikitazama mbele. Ufunguo alimrudishia mkamwana. Kila asubuhi alikwenda jikoni akaomba afunguliwe, akameza mbele yake, akasema asante. Mkamwana alifungua na kufunga. Hakuwa mkali, wala hakuongea sana. Kidoti alipelekwa kwa mama mmoja wa mtaa wa pili aliyelea watoto wa watu, wazazi wao wakiwa kazini. Matroni alibaki nyumbani peke yake na saa ya ukutani, na majirani walipouliza mbona mjukuu haonekani mchana, hakuwaambia amekwenda kuzoea wenzake. Aliwaambia kweli, na baadhi yao walipunguza kumwita Matroni.

Miezi mitatu ikapita hivyo. Jumapili moja mkamwana alikuwa anaanika nguo uani, beseni limejaa, na Kidoti anamzunguka miguuni akichafua shuka zilizolowa. Alijaribu kumkalisha mara mbili. Mara ya tatu alimwinua, akasimama naye kidogo, akamtazama mama mkwe wake aliyekuwa ameketi ndani karibu na mlango.

"Mama, nishikie kidogo."

Matroni alinyanyuka upesi mno, goti likamlia. Alimpokea mtoto. Hakurudi naye ndani. Aliketi kwenye ngazi ya mlango, mahali ambapo kamba ya nguo haimzibi, akamweka Kidoti mapajani na mikono yote miwili ikiwa juu, inaonekana. Kila baada ya shuka moja mkamwana aligeuza shingo kuangalia. Matroni alimwona akiangalia, akainama, akaendelea kukaa palepale.